Kabla Hujamnunulia Mtoto Gemu ya Mkononi, Piga Hesabu Hizi

Jumatatu moja asubuhi, wiki ya pili ya likizo ya Desemba, nilikuwa ndani ya matatu nikielekea kazini. Konda akanyoosha mkono. Nikatoa simu kulipa nauli, nikaweka namba ya siri, simu ikaniambia salio halitoshi. Nikajaribu tena, jibu ni lile lile. Jirani yangu wa kiti alinilipia shilingi 70, nikabaki nikiangalia dirisha kwa aibu.

Nilipofika kazini nilifungua taarifa ya akaunti. Jumapili jioni, kwa muda wa dakika ishirini hivi, kredo ilikuwa imenunuliwa mara tatu: 500, 500, halafu 850. Jumla 1,850. Nani alikuwa na simu Jumapili jioni? Kijana wangu wa miaka kumi. Alikuwa amenunua "almasi" za gemu, zile za kumvalisha mchezaji wake nguo mpya. Na namba ya siri aliipata wapi? Kwangu. Kila nikimtuma dukani kuchukua maziwa nilikuwa nampa simu na kumwambia, "Weka hii na hii, kisha ubonyeze OK." Mimi ndiye niliyemfundisha.

Mama yake alitaka gemu zifutwe zote siku hiyo hiyo. Mimi nilianza kufikiria kitu kingine, na ndicho ninachotaka tujadiliane hapa. Maoni yangu ni kwamba kama mtoto wako atacheza gemu, na wengi watacheza tu, basi asichezee kwenye simu iliyo na pesa zako. Mpe kifaa kisicho na laini, kisichojua namba yako ya siri. Kwa familia ya mapato ya kawaida, hilo ni suala la usalama wa pesa hata kabla ya kuwa starehe. Lakini ukichagua vibaya, kifaa hicho kinaweza kukula pesa kuliko hizo almasi. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilichagua vibaya mara ya kwanza.

Bei ya mashine si bei ya kucheza

Watu wengi tukienda dukani tunauliza swali moja: "Hii ni ngapi?" Tukisikia bei tunaanza kuvutana na muuzaji. Swali la maana ni: kucheza kwa mwaka mzima kutanigharimu ngapi?

Wacha nikuonyeshe hesabu yangu. Mashine niliyoinunua mwishowe ilikuwa 16,500, imetumika. Haikuja na gemu hata moja. Gemu moja ya kadi, nayo imetumika, ilikuwa 3,000. Memori kadi 1,200, kwa sababu nafasi ya ndani ni ndogo. Kava na kioo cha kulinda skrini 800. Jumla 21,500. Yaani ningetoka nyumbani na 16,500 mfukoni nikidhani nimejipanga, ningerudi na mashine isiyocheza chochote, na mtoto analia.

Kwa hivyo kabla ya kuangalia mashine yoyote, andika mistari minne kwenye karatasi: mashine, gemu ya kwanza, memori kadi, na ulinzi wake pamoja na chaja kama haiji nayo. Jumla ya mistari hiyo ndiyo bajeti yako. Kama jumla imekuzidi, shuka ngazi moja chini. Usikope ili ubaki pale juu.

Ngazi nne za kuchagua

Ngazi ya kwanza: simu ya zamani isiyo na laini. Hii haipendwi kwa sababu haina raha ya kufungua boksi, lakini ndiyo ya bei nafuu zaidi. Karibu kila nyumba ina simu iliyopasuka kioo kidogo ama iliyoachwa baada ya kununua mpya. Toa laini. Ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Usiweke akaunti yako ya barua pepe iliyounganishwa na kadi ama na malipo. Weka gemu zinazocheza bila intaneti. Ukiwa na pesa kidogo, ongeza padi ndogo ya Bluetooth yenye vitufe halisi. Mtoto wa miaka saba hataona tofauti kubwa, na pochi yako itabaki salama.

Ngazi ya pili: vile vigemu vidogo vya rangi rangi, vinavyofanana na vya zamani, vyenye maandishi SUP na "gemu 400 ndani". Utaviona vimepangwa juu ya meza kando ya barabara pale katikati ya Nairobi. Uzuri wake ni kwamba betri hutoka, na ni muundo wa BL-5C, ile ile ya simu za zamani za Nokia, kwa hivyo ikifa unapata nyingine popote. Huja pia na waya wa kuunganisha kwenye TV ya zamani. Ubaya wake: gemu ni zile fupi za mtindo wa miaka ya 80, na hakuna mahali pa kuhifadhi ulipofikia. Ukizima unaanza upya. Kwa mtoto mdogo na safari ya kwenda ushago, inatosha. Kwa kijana wa miaka kumi na mbili, itamchosha kwa wiki mbili, kisha atarudi kwenye simu yako.

Ngazi ya tatu: mashine za gemu za zamani kutoka Uchina, kama zile za Anbernic, Miyoo, na ile inayoitwa R36S. Hizi zina skrini nzuri, unaweza kuhifadhi mchezo ulipofikia, na zinacheza gemu za enzi ya PlayStation ya kwanza vizuri. Lakini kuna mambo matatu. Kwanza, memori kadi inayokuja ndani mara nyingi ni ya hali duni, na ikiharibika mashine haiwaki, maana mfumo wenyewe umo ndani ya kadi hiyo. Nunua kadi ya kueleweka mapema na umwombe fundi akunakilie mfumo. Pili, baadhi yake, hasa R36S, hukataa kuchaji kwa waya wenye ncha mbili za USB-C. Tumia chaja ya kawaida ya volti 5 yenye tundu la USB la zamani, usije ukadhani umeuziwa kitu kibovu. Tatu, na hili wauzaji hawasemi: maelfu ya gemu zinazokuja zimejaa ndani mara nyingi zimenakiliwa bila ruhusa ya wenyewe. Sheria ya hakimiliki ipo Kenya pia. Sikuhukumu, lakini ujue unachonunua.

Ngazi ya nne: mashine zenye duka lake na gemu mpya. Kwa bajeti yetu hapa ninazungumzia Nintendo Switch Lite iliyotumika. Ilipotoka Septemba 2019 bei yake Marekani ilikuwa dola 199.99, dola 100 chini ya Switch ya kawaida. Skrini ni ya inchi 5.5, nafasi ya ndani ni GB 32, na huwezi kuiunganisha na TV. Switch 2 ilipozinduliwa Juni 2025 kwa dola 449.99, zile za zamani hazikufa: gemu zake bado zinauzwa na kubadilishwa. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipenda. Gemu ya kadi ukiichoka unaweza kuiuza ama kubadilishana na mtu kwa kuongeza kidogo. Gemu uliyopakua kutoka mtandaoni hauwezi kuiuza kwa yeyote. Ukiwa na bajeti ndogo, nunua kadi.

Na PSP na PS Vita? Watu wa rika langu tunazipenda kwa sababu ya kumbukumbu. Lakini PSP ilitoka mwaka wa 2004. Betri nyingi zimevimba, na memori kadi zake si zile za kawaida za simu. Vita nayo inataka kadi zake pekee, na hizo zilikuwa ghali tangu mwanzo. Nintendo 3DS duka lake la mtandaoni lilifungwa Machi 2023, huwezi kununua gemu mpya humo tena. Ukipewa bure, chukua. Kununua, fikiria mara mbili.

Shilingi 3,000 zilizopotea

Sasa nikueleze kosa langu. Baada ya ile Jumatatu ya matatu nilikuwa na haraka ya kutatua jambo. Nikaona tangazo mtandaoni: Switch Lite "ex-UK, safi kama mpya", 9,000 tu. Picha zilikuwa nzuri. Nikapiga simu, jamaa akanijibu kwa heshima zote: "Sawa kabisa, mkubwa. Tuma deposit ya 3,000 nikuwekee, kuna mwingine ako njiani." Akanipa namba ya kawaida ya simu, si Till.

Nilipotaka kutuma, skrini ikanionyesha jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mwanamke. Jamaa niliyekuwa naongea naye alikuwa mwanaume, na tangazo lilikuwa na jina la duka. Niliona. Nikajiambia labda ni mke wake. Nikabonyeza. Baada ya saa moja namba ikawa haipatikani. Niliomba muamala urudishwe, lakini pesa zilikuwa zimeshatolewa.

Ile sekunde ya jina kutokea kwenye skrini ndiyo ulinzi wako wa mwisho. Iliwekwa hapo ili usimame usome. Sasa hivi nina kanuni tatu, na ninakuomba uzichukue:

Jina lisipolingana na duka, hakuna pesa inayotoka. Hata kama sababu ni nzuri namna gani.

Hakuna deposit ya kitu ambacho sijakishika. "Kuna mwingine ako njiani" ni maneno ya kukuharakisha. Kama yuko njiani, mwache afike.

Ninalipa dukani, kwa Till ama Paybill yenye jina la biashara, baada ya kukagua. Ujumbe wa uthibitisho unabaki kwenye simu, na ninaupiga picha pamoja na risiti. Pia sihitaji kutoa noti kwa wakala na kulipia ada ya kutoa, wala kutembea mjini na elfu kumi na kitu mfukoni.

Dakika kumi za kukagua

Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukikagua. Akikasirika, amekujibu. Kwa Switch Lite iliyotumika, fanya hivi mbele yake:

Iwashe na uangalie skrini ikiwa nyeupe kabisa, kisha nyeusi. Tafuta madoa na mistari.

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vidhibiti na vihisi, ufungue pale pa kurekebisha vijiti vya kuelekezea. Usiguse kijiti. Alama ikisonga yenyewe, kijiti kimechoka. Kwenye Lite vijiti haviondolewi, kwa hivyo kutengeneza ni kufungua mashine nzima. Hilo ni jambo la kupunguza bei ama kuondoka.

Iunganishe na intaneti ya simu yako na ufungue duka lake la mtandaoni. Kuna mashine zilizochezewa na kufungiwa na kampuni zisiingie mtandaoni tena. Mtu anayeuza hiyo atakwambia "hapa mtandao uko chini". Kwa nini uko chini na simu yako inaupata?

Chomeka chaja. Ingiza gemu ya kadi. Ingiza memori kadi. Kila tundu lijaribiwe.

Hakikisha akaunti ya mwenye zamani imeondolewa, na mashine imefutwa mbele yako.

Mwisho, namba ya utambulisho iliyo kwenye mashine iandikwe kwenye risiti pamoja na siku ngapi za kurudisha. Risiti hiyo pia inakulinda mashine ikisemekana ni ya wizi. Kushughulika na mali ya wizi ni kosa la jinai Kenya, na bei ya chini kupita kiasi mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza.

Na memori kadi? Kuna zinazoandikwa GB 512 na ndani ni 16. Mashine itaonyesha 512, lakini gemu zitaanza kuharibika nafasi halisi ikijaa. Nunua kadi ndogo ya kweli kuliko kubwa ya uongo.

Kuhusu kuagiza ng'ambo: bei unayoiona kwenye tovuti si bei ya mlangoni. Ongeza usafiri, VAT ya asilimia 16, na ushuru na ada nyingine zinazokuhusu. Jumlisha kwanza, kisha ulinganishe na duka la mjini ambalo unaweza kurudi nalo mkizozana.

Pesa itoke wapi?

Hapa nitasema jambo ambalo si kila mtu atalipenda, na ninalisema kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo: usikope kununua gemu. Mkopo wa simu una kazi yake. Mtoto akiugua usiku, ama mzigo wa biashara ukija ghafla na faida inaonekana, kopa na ulipe. Lakini gemu haiugui. Inaweza kungoja.

Chukua mfano. Tuseme umekopa 16,500 kwa mwezi mmoja, ada ni asilimia 9. Hiyo ni 1,485. Mwezi ukiisha hujalipa na ada ile ile inakuja tena, umefika 2,970. Hiyo ni karibu bei ya gemu moja iliyotumika, imeenda na hakuna aliyeicheza.

Mimi niliweka shilingi 500 kila Ijumaa kwenye akiba iliyofungwa, ile ambayo huwezi kuchomoa kwa hasira ama kwa njaa ya saa nane. Wiki 43 zilinipa 21,500. Nilianza Januari, na Novemba nilikuwa nimemaliza. Ndiyo, ni muda mrefu. Lakini kijana alishiriki. Nilimwambia zile 1,850 za almasi ni deni, na analilipa kwa kuosha viatu vya nyumba nzima na kumsaidia mama yake Jumamosi. Kila Ijumaa alikuwa anakuja kuuliza, "Baba, umeweka?" Kuna Ijumaa mbili sikuwa nazo, na ilibidi niweke 1,000 wiki iliyofuata kwa sababu mdai wangu alikuwa anangoja mlangoni.

Kuna watu wataniuliza: kwani si bora akacheze kwa kibanda cha PlayStation pale mtaani? Ni swali la haki. Kama unamjua mwenye kibanda na unaona mlango wake kutoka nyumbani, shilingi chache kwa mchezo ni nafuu sana, na atacheza na wenzake. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo jibu sahihi, na hakuna haja ya kununua chochote. Kwangu kibanda kiko ng'ambo ya barabara kuu, na vijana wakubwa pale huweka dau kwa kila mechi. Sikutaka mtoto wa miaka kumi ajifunze hapo kwamba mchezo bila pesa si mchezo. Angalia kibanda chako, kisha uamue.

Ukishanunua, funga mlango

Mashine ya ngazi ya nne ina duka ndani, na duka ni duka. Usihifadhi kadi yako ya benki humo, wala ile kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa ya simu. Ukitaka kumnunulia gemu ya kupakua, nunua msimbo wa kiasi kimoja, ukiisha umeisha. Lakini angalia nchi: msimbo wa Marekani unataka akaunti iliyowekwa Marekani, na ukikosea hapo muuzaji hatakurudishia. Kuna pia programu ya wazazi ya kuweka saa za kucheza. Iweke siku ya kwanza, kabla hajazoea kucheza hadi usiku.

Na badilisha namba yako ya siri leo, kama kuna mtoto anayeijua. Mimi niliibadilisha ile Jumatatu jioni. Siku hizi nikimtuma maziwa nampa noti na anarudisha chenji.

Kijana alipata mashine yake wiki ya kwanza ya likizo. Tulienda pamoja dukani, na yeye ndiye aliyekagua vijiti, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha wiki nzima. Mashine ya kwanza alama ilisonga yenyewe. Akaniangalia, akasema polepole, "Baba, hii hapana." Tukaletewa nyingine. Nilipofika pa kulipa, jina la duka likatokea kwenye skrini. Nikamwonyesha alisome kwa sauti kabla sijabonyeza, kisha nikageuza simu nikaweka namba ya siri asiione.